Mkono wa Fundi Mihayo

Garimoshi lilisimama ndani ya jumba kama dume la ng'ombe lililofungwa zizini, jeusi, limepakwa mafuta mpaka linang'aa, na Sikitu hakulipenda tangu alipovuka kizingiti. Halikuwa na moto wala maji, na miaka nenda rudi halikuwa limetoka pale. Lakini Sikitu alikuwa mtu wa hofu. Akiona ngazi, anaona mtoto ameshaanguka. Akiona maji, anaona mtoto ameshazama. Alipoyaona yale magurudumu, kimo chake na zaidi, alimshika Kalunde bega.

"Usiguse kitu," alimwambia.

"Mama, huku ndiko kwa kugusa," Kalunde akajibu. "Ndiyo maana tumekuja."

Na kweli ndiyo maana. Watu walisafiri kutoka mbali kuja Tabora kwenye Jumba la Mikono kwa sababu kwingine kote hakukuwa na cha kushika. Kwao Sikitu mashine ilipika, mashine ilifua, nguo zilijifunga zenyewe mpaka shingoni. Kalunde alikuwa na miaka tisa na hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano wala kupigilia msumari. Mkono wake wa kushoto, maana alikuwa wa shoto, ulijua kula, ulijua kugusa kioo, na ulijua kulichezea sikio la mama yake usingizi ukimjia. Huo wa kulia ulikuwapo tu, kama mgeni aliyekaribishwa akasahauliwa.

Aliyewatembeza alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, jina lake Remija. Aliwapeleka ubavuni mwa tanki la mvuke, akawaambia wapapase vichwa vya ribiti, ile misumari butu iliyoshikanisha mabati yake, vimepangana safu kwa safu kama punje kwenye gunzi. Kila ribiti, alisema, ilipigwa ikiwa nyekundu kwa moto. Mtu mmoja nje, mmoja ndani ya tanki gizani, hawaonani, wanasemezana kwa nyundo. Wa nje akipiga mbili, wa ndani anajua ashikilie. Akipiga moja, anajua aachie. Kisha Remija aliinama akawaonyesha, nyuma ya mtaimbo wa chuma uliozungusha magurudumu, mahali ambapo hakuna abiria angepaona, ua dogo lililochongwa kwa patasi. Petali zake zilikuwa nyembamba kama kucha za mtoto mchanga.

Sikitu alilitazama lile ua kwa muda. Alijikuta anajiuliza huyo mtu alikuwa anamchongea nani. Hofu ikampungua kidogo, na hapo ndipo alipokosea, maana mzazi hofu ikimpungua huangalia kitu badala ya kumwangalia mtoto.

Kalunde alikuwa ameshafika kwenye ngozi.

Zilikuwa ndani ya visanduku vya kioo, nyembamba, za rangi ya chai ya maziwa, kama glavu za daktari. Kila moja ilikuwa na jina: huyu mfua vyuma, huyu seremala wa mabehewa, huyu fundi shaba. Zamani kidogo, mafundi wa mwisho wa garimoshi walipokuwa wazee, waliombwa wafanye kazi mwaka mzima wamevaa hizo ngozi. Ngozi ikajifunza mishipa ya mkono, namna unavyokaza, unavyolegeza, unavyosita. Fundi akafa, mkono wake ukabaki. Ukiingiza wako humo, wa marehemu unahamia kwako, na kwa robo saa unajua alichojua. Ukimaliza, unauingiza tena na kuurudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kuazima mkono.

Sikitu aliuliza kama haunakiliki, watu wakapewa nakala na wa asili ukabaki salama. Remija akasema walijaribu, nakala zikatoka zinatetemeka kama mlevi. Mkono ni mmoja tu. Ukiwa kwako, kwenye ngozi haupo.

"Na asilale nao," Remija aliongeza, akicheka kidogo. "Mtu akisinzia nao kabla hajaurudisha, unajiona umepata makazi."

Yeye alicheka. Sikitu hakucheka.

Kalunde alichagua ngozi iliyoandikwa Mihayo, Mgonga Magurudumu. Sikitu alitaka kusema hapana, akamwangalia mtoto usoni, hapana ikamkwama. Mkono wa kulia ukaingia, ukatoka. Haukuwa umebadilika rangi wala umbo. Lakini Kalunde alipopewa nyundo yenye mpini mrefu aliishika karibu na mwisho, kwa vidole vitatu, bila kubana, akaenda kwenye gurudumu la kwanza, akaligonga.

Ngeee, gurudumu likalia, sauti ndefu kama kengele ya kanisa.

Mtoto aliinamisha kichwa upande, akasikiliza mpaka sauti ikaisha yote. Akaenda la pili. Ngeee. La tatu. Ngeee. La nne likasema du, basi, kama kugonga gogo.

"Hili lina ufa," Kalunde alisema, kwa utulivu ambao Sikitu hakuwahi kuusikia kinywani mwake. "Lisitoke."

Remija alipiga makofi. Alieleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mihayo, kila treni ikisimama stesheni anapita na nyundo yake, gurudumu zima linaimba, lenye ufa linanyamaza, na roho za watu zilikuwa kwenye ile nyundo. Ule ufa jicho haliuoni, alisema, ila upo, na ndiyo sababu garimoshi lile lilistaafishwa.

Hapo Sikitu akamwona bibi. Alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na dirisha, kijora cha zambarau, ushungi safi. Remija alimnong'oneza: ni Bi Nyamizi, mjane wa Mihayo. Huja kila Ijumaa kumngoja mtoto atakayeazima ule mkono.

Kalunde akaenda bila kuambiwa na mtu. Akasema shikamoo, akaunyoosha mkono wa kulia, lakini hakutoa kiganja. Alikunja ngumi, akaishusha chini, akatoa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu uliyemkuta anaparua samaki au yuko chini ya gari, hataki kukupaka uchafu. Bi Nyamizi akakishika kile kifundo. "Marahaba," akasema, akainamisha macho. Sikitu alimwona ametabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyefungua mlango akakuta si yule aliyemtegemea.

Wote hutoa kifundo, Remija alieleza. Mafundi walirekodiwa wakiwa kazini, na kazini mikono ilikuwa na grisi saa zote. Kwa hiyo mlangoni, wageni wakiondoka, Remija huwapa mkono mmoja mmoja. Anayetoa kiganja, aende kwao salama. Anayetoa kifundo, arudishwe ndani, bado ana mtu.

Basi Kalunde akauingiza tena mkono kwenye ngozi. Wakati huohuo kundi la wanafunzi likaingia kwa makelele, Remija akageuka kuwanyamazisha, Kalunde akautoa mkono upesi. Taa ya kwenye kisanduku iliwaka kijani, ishara kwamba mkono umerudi. Sikitu aliiona kwa macho yake na akaiamini, ingawa baadaye aliambiwa ile taa huwaka kwa joto la mkono tu, haijui nani karudi na nani hajarudi.

Wakiwa kwenye foleni ya kutoka, akampa mtoto ubuyu atulie. Walipofika mlangoni, vidole vya Kalunde vilikuwa vyekundu vyote kumi. Remija akanyoosha mkono. Kalunde akakunja ngumi, akatoa kifundo.

Remija akasita. Na Sikitu, mama mtu, akacheka na kusema, "Ana ubuyu huyo, dada. Nimemfundisha mwenyewe, asimpe mtu kiganja kichafu."

Remija akaangalia vile vidole vyekundu, naye akacheka, akamsifu mtoto kwa adabu. Wakatoka juani.

*

Walirudi kwa Mwamvua, mdogo wake Sikitu, jirani tu na stesheni, walikofikia asubuhi. Walikula, Kalunde akajilaza mkekani sebuleni, na Sikitu akakaa na mdogo wake uani wakizungumza habari za ndugu. Ulikuwa ule wakati wa baada ya chakula ambapo nyumba nzima hunyamaza. Kwa hiyo ile sauti waliisikia vizuri.

Ko. Kimya. Ko. Kimya.

Sikitu alidhani ni mjusi kwenye bati. Akaingia ndani. Kalunde alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, jasho puani. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya shavu. Wa kulia ulikuwa macho. Kidole kimekunjwa, kinagonga mguu wa meza, kinasubiri. Kinagonga tena, kinasubiri.

Alimwamsha kwa kumtikisa, na moyo wake ulikuwa umeshajua kabla ya akili. Akampeleka bombani, akamnawisha kwa sabuni mpaka ubuyu ukatoka wote, mikono ikawa myeupe kama ya mtoto wa Idi. Akamwita Mwamvua.

"Msalimie mama mdogo," alimwambia.

"Nilishamsalimia asubuhi."

"Msalimie tena."

Kalunde alinyoosha mkono wake safi, uliotoka kukaushwa kwa taulo sasa hivi, akakunja ngumi na kutoa kifundo.

Mwamvua alicheka, akauliza ni mtindo gani huo wa mjini. Sikitu akaugeuza ule mkono, akautazama. Aliyakumbuka maneno yake pale mlangoni, neno kwa neno, na kicheko chake. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto ile adabu, na yeye ndiye aliyemtolea ushahidi.

"Mama, usiwaambie," Kalunde alisema, akiuficha mkono nyuma. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Huu unajua kitu. Wangu haujui chochote. Ukiurudisha nitabaki na nini?"

Sikitu aliona ni swali la haki. Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, akaenda mbio. Na njia nzima kile kidole kilikuwa kinamgonga begani, kwenye mfupa. Kinagonga, kinasubiri.

*

Remija alipowaona hakuuliza. Aliwaingiza chumba cha nyuma, akamkalisha Kalunde kwenye kiti, akamvisha ngozi ya Mihayo. Taa ikawaka kijani. Akaivua, akamvisha tena. Alipompa mkono, akapewa kifundo.

"Amelala?" aliuliza.

"Kidogo," Sikitu akasema. "Kidogo sana."

Remija akakaa chini. Yule mcheshi wa asubuhi hakuwapo. Alieleza polepole, anachagua maneno, kwamba mtu akiwa macho mkono wa kuazima hukaa juujuu, kama nguo. Usingizi ndio unaoushona. Usingizi ule wa mchana ulikuwa umepita mshono wa kwanza, ndiyo maana ngozi haikuweza kuuvuta. Akilala tena, usiku mmoja tu, mshono utakuwa umeisha, na hapo si mkono tena. Utapanda begani, utaingia kwenye mambo mengine.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuosha. Umeme mdogo unapitishwa, kila kisicho cha mtoto kinatoka. Lakini hakirudi kwenye ngozi wala hakiendi popote. Mihayo atakuwa amekwisha, na hakuna mgonga magurudumu mwingine duniani aliyehifadhiwa. Ya pili ni kuuvuta mkono kidogo kidogo, mtoto akiwa amelazwa hapo jumbani kwa dawa. Mihayo angerudi mzima. Ila mkono ukivutwa hivyo hutoka umebeba na vya mwenyeji. Sikitu akauliza vya mwenyeji ni vipi. Remija akatazama mlango kabla ya kujibu. Kuna mtoto alivutwa mwaka uliopita, alisema, akaamka hajui kushika kijiko. Mwingine aliamka mzima kabisa, anakula, anaandika. Ila akimkumbatia mama yake alikuwa anakumbatia kama mtu anayepima mzigo.

Sauti ya msimamizi wa jumba ilitoka ukutani, maana yeye alikaa mji mwingine. Ilikuwa sauti ya upole. Ilimwambia Sikitu kwamba wanamsikitikia, kwamba uamuzi ni wa mzazi, lakini afikirie kuwa mkono ule si wa mtu mmoja, ni wa taifa na wa watoto ambao hawajazaliwa. Ilisema hatari ya kuvuta ni ndogo. Sikitu akauliza, ndogo kwa nani. Sauti ikarudia maneno yaleyale.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Bi Nyamizi. Hakuna aliyemwita, lakini jumba lile lilikuwa dogo na habari ilikuwa kubwa.

Alisimama mbele ya Kalunde, akaukung'uta ushungi, akanyoosha mkono. Kwa mazoea tu, Sikitu alidhani. Na Kalunde akamtazama yule bibi, akautazama mkono wake mwenyewe, uliooshwa kwa sabuni, unaonukia. Ngumi ikaanza kujikunja. Kisha ikafunguka. Akatoa kiganja.

Kilikuwa kiganja chote, wazi. Kikaushika mkono wa bibi, dole gumba likapanda juu likasugua mara moja nyuma ya kidole chake cha pete, kama mtu anayejaribu kama pete bado inazunguka.

Bi Nyamizi alitoa sauti ndogo, akakaa sakafuni palepale.

Kazini, alisema, Mihayo alimpa kifundo kama alivyowapa wengine. Ila jioni, kabla hajavuka mlango, alikuwa anasugua mikono kwa majivu na mafuta ya taa, ananawa, ananusa, ananawa tena, ndipo anampa kiganja. Miaka yote amekuja hapa kila Ijumaa akitegemea, na kila Ijumaa amepewa kifundo, kwa sababu mume wake bado alikuwa kazini.

"Leo amefika nyumbani," alisema.

Sikitu akamgeukia Remija. Remija naye alikuwa ameelewa, ilionekana usoni. Kile kiganja ndicho kilikuwa kipimo chao, hawakuwa na kingine. Kama Mihayo amejifunza kutoa kiganja, basi kuanzia leo kiganja cha mtoto yeyote hakithibitishi kitu.

"Sikuombi mwanao, mama," Bi Nyamizi alisema. "Mwanao ni wako. Ninaomba usiku mmoja. Nikae tu pembeni, aushike mkono wangu. Asubuhi muuoshe, mfanye mnachotaka."

Bibi hakujua habari za usiku mmoja. Au alijua. Sikitu aliutafuta ukweli kwenye uso wake, akakuta uso wa mtu mzima anayelia, basi. Na kilichomtisha kuliko vyote, kuliko kile kidole kilichokuwa macho wakati mtoto amelala, ni kwamba alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alimwona bibi anarudi kwake na kitanda chake kitupu. Aliwaona na watoto wasiozaliwa, mikono yao inaning'inia haijui kitu. Wote walikuwa na haki. Hapakuwa na mtu mbaya mle chumbani wa kumchukia ili mambo yawe mepesi.

Kisha Kalunde akapiga mwayo. Mwayo wa mtoto aliyechoka, na macho yakaanza kuwa mazito.

"Osheni," Sikitu alisema.

Sauti ukutani ikaanza kusema kitu. Remija akanyoosha mkono akaizima.

Bi Nyamizi aliomba amshike wakati wanaosha, na Sikitu hakuweza kumnyima hilo. Wakamfunga Kalunde utepe wa waya juu ya kiwiko. Mtoto alilia, si kwa maumivu, alikuwa anasema mama usimfukuze, mama hajafanya kitu. Mkono ukambana bibi kwa nguvu, ukabana zaidi, vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Halafu ukalegea.

Bi Nyamizi hakuuachia. Alikuwa bado anausugua, anausubiri, na uso wake umeinama juu yake.

"Bibi," Kalunde alisema, akijivuta. "Unaniumiza."

Ndipo akauachia.

*

Walingoja treni ya jioni kwenye benchi la stesheni. Sikitu alimwomba mtoto kiganja, akapewa kiganja, na hakikumsaidia kitu. Akampa mfuko wa ubuyu, akawa anamtazama kwa pembe ya jicho. Kalunde aliutazama mfuko. Akauingiza mkono wa kushoto. Akala, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akavifuta kwenye khanga ya mama yake, alama nne nyekundu, kitu ambacho Sikitu alikuwa amemgombeza maisha yake yote.

Hakumgombeza. Aliziangalia zile alama, akalia kimyakimya, akamshukuru Mungu.

Kalunde akaegemea ubavuni mwake. Mkono wa kushoto ukapanda, ukalitafuta sikio la mama, ukalipata. Muuza kahawa alikuwa anakuja kwenye jukwaa, birika mkono mmoja, vikombe vinne mkono wa pili, anavigonganisha kuita wateja kama wanavyofanya siku zote. Kling, kling. Kling, kling.

Vidole sikioni mwa Sikitu vikasimama.

Kalunde aliinua kichwa, akakiinamisha upande, akasikiliza mpaka sauti ikaisha yote.

"Mama," alisema, kwa utulivu. "Kile cha chini kina ufa."

Sikitu alimwita muuza kahawa. Akamwomba kile kikombe cha chini, bila kahawa, akitazame tu. Yule kijana akashangaa, akampa. Kilikuwa cheupe, kizima, kizuri. Akakigeuza, akakinyanyua kuelekea taa ya stesheni. Pale karibu na kitako, mwembamba kuliko unywele, ufa ulikuwa unapanda.

Walikuwa wameosha mkono. Hakuna aliyeuliza habari za sikio.

Treni ikaingia. Kalunde alikuwa ameshafumba macho begani kwake, na Sikitu, kikombe cha watu bado mkononi, akaanza kumtikisa asilale.